Mseto Niliotaka Kumpelekea Neema

Mahurunga, Jumanne

Nimevimeza vidonge vyote, hata vile nilivyomwekea Neema.

Homa ilishuka jana, nikaona vidonge vya mseto wa malaria vilivyobaki, dozi ya mwisho, nivifunge kwenye nailoni nimtumie binti yangu Neema kule kwetu Singida, maana malaria haiishi kumsumbua. Tangu nije huku kusini kupalilia mikorosho ya watu sijamtumia kitu cha maana.

Bi Somoe, mwenye nyumba wangu, akanikuta nafunga.

"We Mnyaturu! Unampelekea mwanao dawa au unajibakizia malaria?"

Akaniwekea muhogo wa nazi, kwa kuwa mseto unataka chakula chenye mafuta, akasimama mlangoni kama askari. Huyu mama ananigombeza kama aliyenizaa, nami napenda, ingawa simwambii.

Nilibisha. Nilipokuwa mdogo, dawa nzuri ilikuwa ya wenye uwezo. Muuguzi wa hapa alisema serikali na wenye viwanda walishirikiana, dawa mbili zikawekwa kwenye kidonge kimoja na bei ikashuka. Mimi nilidhani imeshuka huku tu, kwetu ni mbali mno.

Nikampigia mke wangu. Akacheka kidogo.

"Baba Neema, meza dawa yako upone. Mseto hata kwenye zahanati yetu upo. Asiyekuwepo ni wewe."

Nikameza, nikageukia ukutani, Bi Somoe asinione uso.