Usumba kwenye milango ya Mjomba

Jumanne, Lindi. Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Moyo wangu mzito tangu saa nne asubuhi.

Mjomba hajui blogu ni mdudu gani, ndiyo maana naungama huku.

Baba alipofariki, mjomba ndiye aliyenichukua. Alipouza korosho zake za Rutamba akanunua gari la mtumba, hakulipeleka kwa fundi mwingine ila mimi, mfunga redio za magari. Alitaka redio yenye spika kubwa, asikilize kaswida bila milango kutetemeka. Mafundi wa Dar hubandika ndani ya mlango karatasi maalumu za kuzuia kelele. Bei yake sikuiweza, naye sikutaka kumwambia kwamba siwezi.

Nikajifanya mjanja. Nilikwenda Mchinga kwa akina mama wanaofukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, miezi kadhaa, kisha wanayaponda kupata usumba wa kusokotea kamba. Nikanunua gunia zima. Sikuusuuza. Nikaukausha juani, nikaubandika ndani ya milango kwa lami iliyobaki kwenye mapipa ya watengeneza barabara. Vitobo vya chini ya mlango navyo nikaviziba kwa lami ileile, upepo usipige mluzi.

Gari likatulia kabisa. Mjomba akawa anawaambia watu, "Huyu mpwa wangu, huyu, Dar hawamwoni ndani." Nami nikavimba kichwa, nisiseme uongo.

Ni masika mawili tu yamepita.

Leo amekuja kwa sababu spika ya upande wa dereva imenyamaza. Nimefungua kava ya ndani ya mlango. Usumba ulikuwa umelowa chepechepe. Nimeugusa kwa ulimi: chumvi. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo na kutokea kwenye vile vitobo, na mimi nilivifunga. Nimesukuma bisibisi kidogo ikatokea nje ya bati, limeliwa lote na kutu. Nimefungua milango mingine mitatu, yote hivyohivyo. Haichomeleki, hakuna bati zima la kushikia.

Mjomba alikuwa kwenye benchi na kahawa yake. Akainama kutazama.

"Bahari hii, mwanangu," akasema. "Inakula hata nondo za msikiti. Usijilaumu."

Nilikuwa na nafasi. Kila kitu kilikuwa wazi pale, lami na usumba, hata mtoto angeelewa. Nikajibu, "Ndiyo, mjomba, ni bahari."

Najichukia kwa maneno hayo manne.

Nimeweka spika nyingine, nimerudisha kava, nimefuta mikono. Gari hilo halimalizi mwaka huu, na hana korosho za kununua jingine. Mikorosho yake mingi imeugua. Yeye amefurahi redio inaimba. Kabla ya kuondoka akanipa habari njema, kwa hesabu zake. Jirani yake wa Rutamba amenunua pikapu.

"Analeta Alhamisi. Nimemwambia umfanyie kama yangu, milango yote. Utaweza?"

Mtu mmoja tu duniani huniita fundi bila kucheka, ndiye huyo. Nikimwambia ukweli, hataniita tena. Nisipomwambia, namwozeshea jirani yake gari.

Nimesema, "Inshallah, mjomba."

Hata Mungu nimemtia kwenye uongo wangu, na Alhamisi ni keshokutwa.