Zoezi la Kwanza la Kocha

Na hapana, dada yangu, sijakonda. Aliyekuambia hivyo aliniona nimevaa gauni la marehemu mama kabla sijalipunguza. Mengine uliyoniuliza nitayajibu yote, lakini kwanza shikamoo, na umfikishie baba shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Anaendeleaje? Na mgongo wako je? Sisi hatujambo, na mimi bado ni bibi harusi ingawa huu ni mwezi wa nne wa ndoa.

Unanitania kwamba mume wangu amenipumbaza. Sikatai. Nikimtazama akila, nashiba mimi. Kazini kwake anabandika vigae, na vikibaki vipande huviomba, akaja navyo mfukoni. Nilisema mara moja tu kwamba napenda bluu. Sasa ukuta wote nyuma ya karai la vyombo ni bluu, bluu za kila namna, hakuna mbili zinazofanana. Akirudi jioni hukaa kwenye ngazi nimkande magoti, maana yameota sugu kama ya ngamia, naye huniambia nisiyacheke, hayo ndiyo yaliyonioa.

Magoti hayo ndiyo yaliyotupeleka kwa Kocha. Jina lake jingine hatulijui. Anafundisha watu kuwekeza kwenye nyumba, na anayemlipa ada humwongoza mwaka mzima mpaka apate nyumba yake ya kwanza. Ukumbi wake uko juu ya duka la magodoro, viti vya plastiki, na pangaboi moja linalompepea yeye tu. Alimtazama mume wangu suruali iliyotoboka magotini, akasema wapo watu watakaokufa wamepiga magoti kwenye nyumba za wenzao. Ukumbi ukacheka. Mume wangu naye akacheka, lakini nilikuwa nimemshika mkono, nikausikia ukilegea.

Ada hiyo ingemaliza akiba yetu yote, ile ya kupanga chumba cha pili ili baba aje kwetu nawe upumzike. Ndiyo maana nilikuandikia kukuuliza. Ukajibu kwamba anayejua mzinga wa asali ulipo hapigi mbiu. Nilimsomea mume wangu, akasema dada yako ana akili, lakini dada yako haamki na magoti haya. Tukabaki hivyo: leo tunalipa, kesho hatulipi.

Kumbe kabla ya ada kulikuwa na zoezi la kwanza, la bure. Kila mtu aeleze nyumba moja ambayo mwenye nayo amelemewa: mgonjwa, mjane, mzee asiye na nguvu. Atakayeeleza vizuri angepunguziwa ada nusu. Mwandiko wa mume wangu ni kama kuku kapita kwenye unga, basi akaniachia karatasi mezani akaenda kazini. Unanijua, dada. Nikipewa karatasi yenye maswali na mistari, mimi niko darasani, nataka alama. Jumamosi Kocha aliisoma kimoyomoyo, akaipunga mbele ya ukumbi, akasema hii ni kazi ya mtu anayetaka kufika. Mume wangu alinitazama kana kwamba nimemzalia mapacha. Siku ile nilitembea barabarani kama niliyeolewa upya.

Sasa nije kwenye barua yako ya juzi. Umesema walikuja wanaume wawili wenye futi ya kupimia, wakamwamkia baba kwa adabu, wakampa pole ya mguu uliokatwa kabla hajawaambia lolote. Kwamba wamemfanya aweke dole gumba kwenye karatasi ambayo umeisoma mara mbili usiielewe. Kwamba watarudi tarehe thelathini kuchukua hati ya nyumba, ile iliyo kwenye mkebe wa biskuti. Hilo la mkebe ndilo lililokushtua. Ukahisi ni jirani yetu fundi cherehani aliyewaambia, nawe umeshamfukuza uani, mama wa watu aliyekuwa akikusaidia kumgeuza baba kitandani.

Mwite, dada. Mwombe radhi. Si yeye.

Ni mimi. Nyumba niliyoiandika ni ya baba. Kulikuwa na mstari wa mtaa, nikaujaza. Mstari wa ugonjwa, nikaujaza. Mstari wa hati iko wapi. Kwenye mstari wa anayemuuguza niliandika kwamba amechoka na hana wa kumsaidia. Uliacha shule ukafua nguo za watu ili mimi nimalize kidato cha nne, na mwandiko nilioupata huko ndio nilioutumia. Nilidhani zoezi husahihishwa, kisha likatupwa.

Mume wangu aliipeleka bila kuisoma. Nilimwambia barua yako ilipofika. Hakufoka. Alikaa kwenye ngazi, magoti hakuyatoa nikande, akasema basi, ada tumeshalipa kwa nyumba ya baba. Asubuhi akaenda kuidai karatasi ile. Kocha alimpongeza, akamtia mfukoni bahasha, eti haki ya mleta habari. Alirudi na bahasha tu. Iko chini ya karai, hakuna aliyeifungua.

Akiba haikwenda kwa Kocha. Tumempelekea wakili, aone kama dole gumba la baba linaweza kufutika. Hakutuahidi kitu.

Uhamishe mkebe leo, na usiniandikie hata mimi ulikouweka. Baba usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Msalimu, msalimu na jirani kama atakubali salamu zangu. Mume wangu anakuamkia. Nitakuja na bahasha ile ile, imefungwa, niwakabidhi wale wenye futi mlangoni. Nitakuja kabla mwezi haujaisha, kabla yao.

Ni mimi mdogo wako,
Kifaranga