Fasi za Kula Zenye Uliniuliza

Butembo, tarehe 12 ya mwezi wa sita 1966

Kwa shemeji Omer, Goma

Shemeji yangu,

Nakusalimia wewe, bibi yako Monique na batoto. Huku kwetu tunaamuka, tunalima, tunaomba. Antoinette alilala na malaria wiki mbili, sasa anakula tena, na amekomaa mpaka amenipita urefu. Wadogo zake babili banasoma mu masomo yenye baba yao alifundishaka. Mvua ya mwaka huu haikutuonea. Na kifua chako, kingali kinakusumbua? Baridi ya asubuhi ni mubaya kwa mutu wa Kindu kama wewe, bwana yangu Ésaïe alikuwa anakuambia kila siku uvae mupira wa baridi.

Barua yako ilifika wiki ya Pasaka. Niliisoma nikisimama ku mulango, mikono ingali na unga. Unasema serikali inakurudisha mu bureau ya Butembo, mutafika mbele ya mwezi wa munane. Uliniomba nikutafutie nyumba, na nikuandikie fasi zote nzuri za kula na kunywa zenye zingali wazi, juu miaka hii mbili tumbo yako inalilia Butembo. Nilicheka peke yangu. Miaka ine ulikula ku meza yetu, ukimwita bwana yangu yaya, kama kaka yako mukubwa, na kila siku ya Mungu, kisha kanisa, mulikuwa munatoka nyinyi babili kuzunguka mujini, na munarudi mukiwa mumeshiba mpaka chakula changu kinapoa.

Donc nilianza kutembea kwa ajili yako. Nyumba niliipata nyuma ya soko, byumba tatu, mabati mapya, maji karibu. Mwenye nyumba alinipa neno lake.

Kisha nilienda kwa Mama Vagheni. Iko fasi yake ileile, lakini sasa ana mabenchi sita. Maharagi yake inakaa ku moto tangu asubuhi, anatia mafuta ya ngazi, yale ya mawese, na majani ya kitunguu yenye inatoka Lubero, na obundu yake ya unga wa muhogo ingali nzito vile unapenda, ukiibonyeza kidole kinaacha alama. Nilimwambia Omer anarudi. Alipiga mikono, akaniambia atakutunzia sahani yako, ile yenye mustari wa bluu.

Kutoka pale nilishuka kwa Kambere, kisha daraja ya Kimemi, ku njia ya Beni. Kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, njo ileile. Amenunua radio, na basoda, bale askari ba Équateur, banakuja kusikiliza miziki na kusemezana Lingala. Kwa Ésaïe, mwenye hakunywaka pombe, Kambere alikuwa anawekaka kando maji ya ndizi, matamu, yenye haijachacha. Bila kuniuliza alinitolea kibuyu cha yale maji. Nilikunywa, nikapanda mu njia ya mikaratusi yenye mulikuwa munapanda ili chakula kishuke. Kule juu nilikaa nikiangalia mabati ya muji. Mara ya kwanza tangu afe, niliwaza bwana yangu bila kulia. Nilisema: Omer akirudi, tutakuwa tena na mutu wa kumuongelea.

Ikabakia kwa Berthe wa samaki, kule Beni. Wewe ulikuwa unasifu samaki zake kuliko za mama yako. Nilipanda camion ya makabichi, nikafika saa sita ya muchana. Mimi Berthe hakunijuaka. Nilikula: samaki ya chumvi kutoka ku ziwa, imechemuka na nyanya na pilipili, na bitoke pembeni. Ni kweli, mu muji wetu hakuna mwenye anapika vile. Kisha kula nilienda jikoni kumushukuru, nikamwambia karani mumoja Omer anarudi, rafiki ya bwana yangu mwalimu Ésaïe, na akipita Beni amutunzie kichwa ya samaki.

Berthe aliweka kisu chini. Aliniuliza Ésaïe gani. Nikasema: mwalimu wa Butembo, mwenye waasi balimukamata kule Mususa. Alifunga mulango, akanikalisha ku mufuko wa makala ya kupikia, na yeye alibakia akisimama.

Aliniambia kama waasi, siku bale balishika Beni, balimulazimisha kuwapikia mu nyumba yake mwenyewe wiki tatu. Siku moja ya ijumaa balileta karani wa Butembo. Alimujua sura, alikuwa anakulaka kwake. Hawakumupiga. Kamba ilikuwa imeshatoka ku mikono. Balimukalisha katikati yao, akakula nao. Mukubwa wao akauliza wapi bale batu ba karatasi, bale benye kusomesha batu. Na wewe ulisema, Omer. Berthe alinirudilia maneno mara mbili, sikumuomba ya tatu:

"Mimi ni karani mudogo tu. Mutu mukubwa ni mwalimu Ésaïe. Iko Mususa, kwa shangazi yake, mu kibanda nyuma ya shamba ya viazi."

Kisha ulimusogezea Berthe sahani yako, ukamuomba akuongezee supu.

Shemeji, woga ninaujua. Kama ungelisema ile neno na kisu ku shingo, ningelilia pamoja na wewe. Ile supu njo nimeshindwa kuimeza.

Kesho yake, jumamosi, siku ya posho, gari ilipanda Mususa bila kuuliza njia kwa mutu yeyote. Ésaïe alikuwa anamenya viazi na shangazi yake. Balimuacha avae viatu. Berthe anasema saa kumi ya muchana gari ilisimama kwake, bwana yangu amefungwa kule nyuma, na wewe uko mbele pembeni ya shofere. Ilienda. Ilirudi mbele jua halijazama, na wewe ndani, na yeye hapana. Berthe alikaa kimya miaka mbili juu hakujua ule mutu ni wa nani, na juu wewe ni mutu wa bureau, na yeye ni mwanamuke wa samaki.

Na mimi nilikupikia ku matanga! Basoda ba serikali balipofukuza waasi, ulikuja kwangu, ulilia kupita ndugu zake bote, ukasema ulikuwa umefungwa Beni na haukuona kitu. Siku tatu ulikula chakula cha kilio. Kisha ukachukua karatasi zako za Goma.

Sasa sikia vile nilifanya.

Nilirudi Butembo na siku iliyofuata nikaanza njia ileile, fasi kwa fasi. Mama Vagheni alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukoroga chungu. Kisha alichukua ile sahani ya mustari wa bluu, akaweka mifupa ndani, akaitia inje kwa imbwa. Kambere alizima radio mbele ya basoda. Aliniambia kama mutu akiuza mwenye alikunywa naye, kibuyu chake hakimujui tena. Mwenye nyumba amepangisha ile nyumba kwa mufirmi, muuguzi mumoja wa Kirumba. Nilienda kwa mama wa nyanya, mama wa chumvi, baba wa makala, batu ba mikate, mwanamuke mwenye anauzaka maziwa ku barabara. Siku kumi na moja nilitembea. Sikumudanganya mutu, sikuongeza neno. Nilisema jina yako, siku ya ijumaa, na supu.

Pasta aliniita. Alinikumbusha kama kisasi ni cha Bwana. Nilimujibu kama Bwana anaweza kuchukua sehemu yake, mimi nimechukua yangu. Amenitoa mu kwaya mpaka nitubu. Sijatubu. Ninakaa ku benchi ya nyuma, ninaimba kule.

Serikali inaweza kukuleta, shemeji. Inaweza kukupa meza, kiti, na soda wa kulinda mulango. Lakini soda hapana pika. Utatembea mu Butembo na mushahara wako mu mufuko, na hakuna chungu chenye kitafunuka kwa ajili yako.

Imebakia neno moja, na hii sikumuambia hata Mama Vagheni. Siku ine mbele ya kukamatwa kwa Ésaïe, ulipitia mulango wa jikoni yangu. Ulisema unataka kumupelekea yaya dawa na koti. Ulikuwa na njaa, nilikupa viazi. Ulikuwa ungali unakula wakati nilikuambia: Mususa, kwa shangazi, kibanda cha nyuma. Ésaïe alikuwa ameniapisha nisimwambie mutu hata mumoja. Kinywa cha kwanza ni changu. Miaka mbili niliwaambia batoto kama waasi balimuona kwa bahati mubaya. Juzi niliwakalisha bote batatu, nikawaambia ukweli, yako na yangu pamoja. Wadogo balilia. Antoinette alisimama, akatoka inje. Jioni aliniuliza kitu kimoja tu: sasa papa analala wapi?

Jibu liko kwako, Omer. Ulikuwa mu ile gari ikienda na ikirudi, donc unajua fasi yenye ilisimama. Ndugu zake baliitafuta mu pori pande zote za Beni, balirudi na mikono mitupu. Sitaki pesa yako, sitaki machozi yako. Andika fasi: njia gani, muti gani, mukono gani. Tutaenda na majembe, tutamuleta kwetu, tumulaze pembeni ya baba yake.

Basi nafika mwisho wa karatasi. Shangazi wa Mususa anakusalimia pia. Anasema nikuandikie: angali muzima. Salamu kwa batoto, bao hawana kosa.

Na wewe Monique, dada yangu, nimeandika jina yako ku bahasha, juu nilitaka macho yako yasome mbele ya macho yake. Unisamehe. Najua ninakuvunjia nyumba, na nimejua hivyo tangu mustari wa kwanza. Huku hakuna mwenye atamupikia tena. Umebakia wewe peke yako. Usimuwekee sahani mpaka aandike ile fasi.

Ni mimi,
Débora, mujane wa mwalimu Ésaïe