Vikombe viwili vya Shangazi

Mwenzangu, usipige, siwezi kuongea. Nimejifungia chooni kwa Shangazi.

Shangazi amefariki. Mama amemkuta sebuleni kwenye kiti chake, na jana alikuwa mzima, hata mafua hana. Nimetoka kazini mbio.

Sasa nikawaza, watu wataanza kuja na sebule ilivyo! Nikafagia, nikapiga deki, nikaosha vyombo.

NIKAOSHA VYOMBO!!

Kumbe kifo cha ghafla hivi lazima polisi wachunguze. Mpelelezi kaingia na glavu zake, kaangalia meza inavyong'aa, kauliza, "Nani amesafisha hapa?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule, nikasema hata vikombe vya hapo mezani nimeviosha. Tena kwa kujisifu kidogo, yaani!

"Vikombe vilikuwa vingapi?"

Viwili. Na Shangazi anaishi peke yake.

"Uliona chochote kwenye hivyo vikombe?"

Kimoja kilikuwa na rangi ya mdomo, nyekundu. Shangazi hapaki. Nikamwambia, nilikisugua mpaka ikatoka.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alinitazama mdomo tu. Mama naye akanitazama mdomo.

Mwenzangu, mimi nimetoka kazini. Nimepaka. Nyekundu vilevile.