Maneno Thelathini ya Babu Shomari

Jumatatu, 13 Oktoba

Shubaka. Hili nililijua.

Simu imelia saa moja na dakika kumi na mbili nikipaka siagi kwenye mkate. "Nimeamka salama. Neno la leo: shubaka." Nimejibu kabla Zuhura hajafunga viatu: kijidirisha kisichopenya ukutani, cha kuwekea taa au msahafu. Simu ikaonyesha kwamba Babu anaandika. Akaandika dakika nne nzima. Likaja neno moja tu: Umepata.

Babu Shomari ni baba yake Mama. Aliendesha mabasi hapa London mpaka alipostaafu. Anakaa peke yake Kingsbury. Sisi watatu, Mama, mimi na mdogo wangu Zuhura, tuko Wembley. Bibi alipofariki Mama alimpa masharti: kila asubuhi utume ujumbe kwenye kundi la familia kwamba umeamka salama, au uhamie kwetu. Akachagua ujumbe. Neno aliliongeza mwenyewe kwa ajili yangu, maneno ya Tanga ambayo hakuna anayeyatumia tena. Mama husoma sehemu ya kwanza, mimi ya pili. Zuhura anaelewa yote, anajibu kwa kidole gumba.

Nina daftari la maneno hayo. Limefika ukurasa wa arobaini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Shuleni simu zinafungiwa kabatini hadi saa tisa. Wenzangu wanalalamika. Mimi napenda. Bila simu hakuna anayeona kwamba sina wa kumwandikia.

Jana nilimuuliza Babu kwa nini simu inaitwa simu. Akasema zamani simu ilikuwa ule waya wenyewe, na mtu akienda posta alisema anakwenda kupiga simu hata kama anatuma maandishi matupu. Waya umeondoka, jina limebaki. Nimelifikiria darasani mpaka mwalimu wa kemia akaniita mara mbili. Ni vitu vingapi vingine vimebaki jina tu?

Jumapili, 19 Oktoba

Kwa Babu. Nilikwenda peke yangu kwa basi, Mama alikuwa zamu. Mama anawatunza wazee wa watu wengine, nyumba ya wazee, siku tano kwa wiki, na simu yake hukaa kwenye kabati la wafanyakazi.

Babu alinionyesha mikono. Inatetemeka. Si kidogo. Akasema ujumbe wa asubuhi unamchukua robo saa, vidole vinagusa herufi za jirani. Mama hajui. Akijua atasema basi, pakia vitu.

"Wewe unasoma sana," akasema. "Hiyo mashine haiwezi kujituma yenyewe?"

Inaweza. Nilimwambia inaweza, kwa majivuno kidogo. Akanisomea maneno thelathini na maana zake toka kichwani, amefumba macho, mkono juu ya kikombe cha chai. Nikayaandika yote na kuyapanga kwenye simu yake. Moja kila siku, saa moja kamili, na mbele yake "Nimeamka salama". Simu itakaa sebuleni kwenye chaji karibu na televisheni, isizimike.

Nimemwahidi sitamwambia Mama. Nimeona fahari kupewa siri. Naandika ukweli.

Jumatatu, 20 Oktoba

Saa moja kamili. Si dakika kabla, si dakika baada. "Nimeamka salama. Neno la leo: upawa." Mama akatazama, akaguna kwa kuridhika, akanywa chai.

Nilijua jibu, kata ya kifuu ya kuchotea mchuzi, kwa sababu nililiandika mimi mwenyewe jana. Hilo sikulifikiria. Nimejifanya kukosea ili isionekane.

Jumanne, 28 Oktoba

Likizo ndogo. Nimempelekea Babu vitabu vya maktaba. Chini ya nyumba yake, kwenye duka la Mama Kusum, nimenunua chipsi za muhogo anazozipenda. Mama Kusum alizaliwa Mombasa, mumewe Kisumu, na Kiswahili chake ni cha dukani, kinachonifurahisha. Babu hununua kwake gazeti kila siku saa nne. Ufunguo wa akiba wa Babu uko kwenye droo ya Mama Kusum, chini ya karatasi za risiti.

"Wewe mjukuu ya Shomari," akaniambia. "Yeye nasema wewe iko profesa."

Nilitazama chini. Nikahesabu chenji.

Babu alikuwa bado na nguo za kulalia, na ilikuwa karibu saa sita. Akaniambia kitu ambacho sijaacha kukiwaza. Zamani aliamka, akachemsha maji, akakaa kutafuta neno. Aliwapitia watu wa utotoni mmoja mmoja, jikoni kwa mama yake, shambani, msikitini, mpaka neno limjie. Sasa hana haja. Analala tu.

"Umenipumzisha," akasema.

Alisema vizuri. Lakini nilirudi nyumbani na uzito.

Jumatatu, 3 Novemba

Neno: kiango. Nimejibu: kinara cha kuwekea taa. Hajasoma majibu yangu tangu Jumamosi. Tiki zimebaki kijivu.

Zamani tiki hazikunishughulisha. Leo nimezitazama mara saba. Ajabu ni kwamba kila anayeangalia lile kundi anaona Babu mwenye afya, anayeamka mapema kuliko sisi sote. Mjomba wa Tanga ameandika, "Mzee hachelewi hata dakika, mashallah." Mimi peke yangu najua kwamba inayosifiwa ni simu.

Jumatano, 5 Novemba

Nilimpigia baada ya shule. Iliita sana, akapokea. Sauti nzito. Mafua, akasema, na fataki za mtaani zimemnyima usingizi. Nikamwambia nitamwambia Mama. Akakohoa, kisha akacheka. "Bibi kizee wewe. Mafua tu. Unataka nifungwe kwenu?"

Sikumwambia Mama kuhusu simu. Nilimwambia tu Babu ana mafua.

"Nitampigia kesho," akasema Mama. Ameinama anavua viatu vya kazi, vifundo vimevimba. "Asubuhi si katuma? Basi yuko sawa."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 8 Novemba

Jana sikuandika. Naandika sasa, mchana, nimekaa kwenye korido ya hospitali.

Juzi Mama alimpigia, akamkuta anakunywa supu. Vizuri. Jana asubuhi saa moja ujumbe ukaja kama kawaida. Nimeamka salama. Neno la leo: mbeleko. Mama akaenda kazini. Mimi nilimpigia Babu nikiwa kituo cha basi. Hakupokea. Nikapiga tena mlangoni mwa shule. Kisha simu ikaingia kabatini, na siku nzima sikusikia neno la mwalimu yeyote.

Saa tisa nikapiga mara tatu. Sikwenda nyumbani. Nilipanda basi la Kingsbury.

Mama Kusum aliniona kabla sijafika kaunta. "Babu bado kuja leo. Gazeti iko hapa." Nikamwambia naomba ufunguo. Hakuuliza. Alifunga duka na kupanda ngazi pamoja nami akiwa bado amevaa miwani ya kusomea.

Alikuwa sakafuni bafuni. Macho wazi. Alikuwa ameteleza akitawadha kwa ajili ya alfajiri, mkono ukavunjika chini yake, goti likakataa kumwinua. Mama Kusum alimfunika kwa koti lake. Mimi nilipiga simu ya dharura, na sauti yangu, ambayo darasani haisikiki hata kiti cha mbele, ilisikika.

Wahudumu wa gari la wagonjwa waliniuliza ameanguka lini. Niliona kwamba ni swali muhimu, kwa sababu ya maji, figo, baridi. Mmoja alikuwa na simu yangu mkononi, nilikuwa nimemwonyesha kundi. Akasema basi ni baada ya saa moja, maana saa moja alituma ujumbe.

Nikasema hapana. Nikasema ujumbe ule si wake, niliupanga mimi, alianguka kabla ya jua kuchomoza. Nilisema kwa Kiingereza, kwa mtu nisiyemjua, na ilikuwa rahisi. Akaandika.

Babu alikuwa anasikiliza. Walipokuwa wanamweka kwenye machela akanigeukia, midomo imekauka, akasema polepole kwa Kiswahili:

"Niliisikia. Nimelala pale naisikia sebuleni, inawaambia niko salama."

Sitasahau.

Mama alifika na sare ya kazi. Sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia mgeni, lakini yeye sikuweza. Alikaa kando ya kitanda amemshika Babu mkono mzima, akarudia mara mbili, "Lakini asubuhi alituma."

Leo tulikuja mapema. Simu ya Babu ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, nilikuwa nimeichukua na chaja yake. Babu amelala, Mama upande mmoja, mimi upande wa pili. Saa moja kamili simu ya Mama ikalia.

Nimeamka salama. Neno la leo: chano.

Mama akasoma. Akamtazama Babu amelala na mrija wa dripu mkononi. Akanitazama mimi. Nikatoa simu ya Babu mfukoni na kuiweka juu ya shuka, nikamwambia yote, toka mikono inayotetemeka hadi orodha ya thelathini.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Akasema, "Kila siku nawauliza wazee wa watu, umelalaje, na nasubiri wanijibu. Baba yangu mwenyewe nimemsoma tu." Kisha akatoka kwenda kununua chai. Amenunua mbili. Moja ameniletea.

Jumapili, 9 Novemba

Nimefuta maneno yaliyobaki. Kumi. Kwanza niliyanakili kwenye daftari, halafu nikajuta, kwa sababu si ya kwangu mpaka anipe. Nikaichana ile karatasi.

Saa moja asubuhi kulikuwa kimya. Mjomba wa Tanga alipiga simu saa moja na dakika tano.

Ijumaa, 14 Novemba

Babu amesema kwa wote wawili, Mama na mimi, kwamba kosa ni lake, kwamba aliniagiza. Mama akasema kosa lina watu watatu, na yeye ni mmoja wao.

Atakuja kwetu mpaka mkono upone na aweze ngazi. Kisha atarudi kwake. Mama ameahidi mbele ya nesi. Sharti jipya: hakuna ujumbe. Mtu ampigie, asikie sauti. Nimeomba zamu ya asubuhi iwe yangu. Ninaogopa sana kuzungumza kwenye simu. Nimeomba hivyo hivyo.

Alhamisi, 20 Novemba

Babu yuko chumbani kwetu, kitanda changu. Zuhura analala na Mama, mimi kwenye kochi.

Saa moja ilipita. Niliisikia inapita, sijui kama hilo linaeleweka. Nilipika uji. Saa moja na nusu bado. Mvua kidogo dirishani. Nilisimama nje ya mlango na bakuli, nikaogopa kubisha, nikabisha.

"Shikamoo Babu. Umeamkaje?"

Kitanda kililia.

"Marahaba. Leo sikuamka vizuri," akasema. "Goti. Na Zuhura anakoroma mpaka huku."

Nikaingia. Nikaweka uji mezani na kukaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amefumba macho, mkono wenye plasta juu ya kifua, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anawapitia watu wake mmoja mmoja. Nilichelewa basi la shule. Sikumharakisha.