Adapta ya Bwana Kirimi

Ndugu yangu Amini, nimeaibika mbele ya mji mzima wa Faza.

Nilibeba kompyuta yangu kuukuu hadi kwenye baraza la wananchi, niiunge kwa adapta, kile kiungo cha nyaya, na TV kubwa mpya, watu waione video ya Bwana Kirimi, afisa wa maji, akituahidi bomba miaka ile. TV nyeusi tii. Nikashika maikrofoni: "Wamehujumu ushahidi."

Kirimi akaja kutazama nyaya. "Bwana Harith, adapta hii ni ya kompyuta mpya na skrini ya zamani. Wewe una kinyume chake."

Kinyume, Amini. Na maikrofoni ninayo mkononi.

Akatuma iletwe ya ofisini kwake, akaichomeka mwenyewe. Picha ikatoka, Kirimi wa kwenye video akaahidi bomba upya, watu wakamzomea yule wa barazani.

"Nimesikia," akasema. "Adapta nirudishie."

Mimi nisiyesahau kitu, sasa wema wa Kirimi nitausahau vipi?