Lenzi ya Baba na Miti ya Tervuren

Anderlecht, Brussels
Jumapili jioni

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa umenitangulia kuzaliwa. Usiitafutie sababu nyingine. Natumaini mgongo umepona na wifi hajambo. Mimi mzima wa mwili. Ila nina hasira, na nimekaa nayo wiki tatu nikingoja ipungue. Haikupungua.

Nilikueleza kwa simu habari za miti ya Tervuren, nje kidogo ya mji. Ni miti mikubwa mno yenye asili ya Marekani, magome yake mekundu na laini kama makumbi ya nazi. Watu wanne wakishikana mikono hawamalizi kuuzunguka mmoja. Tena imesimama karibu karibu: ukirudi nyuma ili uupate mti mzima, mgongo unagonga mwingine. Ndiyo maana nilikuomba lenzi pana ya baba. Sikuiomba kama zawadi. Baba alikuachia wewe studio, mimi akaniachia kamera na lenzi zake, ingawa hiyo pana ilibaki kwako, na ulikuwepo pale kitandani kwake akisema hivyo.

Ukanijibu, "Nimempa mgeni anayekuja huko. Itunze." Nikakushukuru mpaka leo naona haya.

Maktaba ya mtaani kwetu ilikuwa imenipa ukuta mmoja wa kutundika picha. Nilitaka siku ya ukungu, maana jua likiwaka mwituni mwanga na kivuli vinapigana kwenye magome, na kazi yangu ya ghalani hunipa mapumziko Jumapili tu. Jumapili tatu jua, ya nne mvua. Ya tano ukungu ukashuka. Nikaenda na jirani yangu Maman Béatrice, mtu wa Lubumbashi, ili asimame shinani na kitenge chake, watazamaji wapate kujua ukubwa wa mti. Alisimama saa nzima na baridi ile. "Piga tu, mutoto," akaniambia, "mimi niko."

Nyumbani nikafungua picha. Zote zimefifia, kama nimezipiga nyuma ya chandarua. Fundi mmoja wa kamera, mtaa wa Ixelles, akaimulika lenzi kwa tochi: ndani ya kioo kuvu imeota kama utando wa buibui. Akaigeuza huku na huku. Unajua baba alichora herufi zake kwa sindano kwenye kila kifaa chake. Hii haina hata mkwaruzo.

Maman Béatrice akasema, "Bon, ule ndugu yako alikutumia kitu ya kutupa." Nikakutetea, kaka. Kisha nikampigia mama, nikamwuliza lenzi ya baba iko wapi. Akasema, "Mwanangu, kaka yako anapigia picha za harusi. Nilidhani mmeelewana."

Ungeniambia hapana, ningelia siku moja yakaisha. Wewe ulikaa ukachagua kabatini kifaa kibovu, ukakifunga vizuri kwenye karatasi, ukakiita cha baba. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili iliyofuata palikuwa na mawingu mazito. Fundi aliniazima lenzi yake ya kawaida. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikaupiga mti vipande tisa, kutoka mizizini hadi kileleni, nikaviunganisha kwenye kompyuta. Maman Béatrice yuko pale chini, mdogo kama kidole. Picha imetundikwa tangu juzi. Chini yake nimeandika jina langu na la baba, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Watu wanasimama kuitazama.

Lenzi usiitume. Sitaki iguse mkono wangu ikitoka kwako.

Mama mwambie simlaumu. Wifi msalimie sana, na shangazi wa vitumbua pia. Wewe usinipigie, kwenye simu una maneno matamu. Andika, niyasome mara mbili kabla sijaamini.

Ndimi mdogo wako,
Mwanaidi